Jumapili Moja Tu, Karavani Iondoke

Kama wiki iliyopita gazeti hili lilifungia mtu samaki kabla hujanisoma, nitakukumbusha kwa kifupi. Naitwa Janelle Kubicek. Naishi Larkmoor, kitongoji cha nje ya Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani, katika nyumba iliyo ndogo kuliko zote mtaani. Mama yangu, Bernadine, anaishi kwenye karavani, kijumba cha magurudumu, kando ya gereji yetu. Jengo alilokuwa amepanga lilinunuliwa na watu asiowajua, kodi ikapanda mpaka ikabidi achague paa au dawa za moyo. Akachagua dawa.

Msimu mzima jirani yetu Paige Vandersloot amemwandama mama yangu. Nguo kwenye kamba zinamkera. Redio ya mama inamkera. Harufu ya jiko la mama inaingia kwake na kukaa kwenye mapazia. Kila mara huyo kwa kamati ya mtaa, kamati inayopima hata urefu wa nyasi za watu.

Lakini karavani yenyewe hawakuiweza. Ilikuwapo kabla hawajatunga kanuni ya kukataza karavani, na kilichokuwapo kabla ya kanuni huachwa kilipo. Mama alikuwa anakaa pale kwa haki, na hakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Nilikuacha pale Paige alipobisha hodi kwangu, mkononi ana pai ya tufaha, meno yote nje.

"Shoga!" akaniita.

Shoga? Kabla ya siku hiyo alikuwa ananiita "yule wa nyumba ile".

"Karibu ndani," nikamwambia.

"Siingii, nina haraka. Nyumba yangu naiuza, shoga. Jumapili watu wanakuja kuitazama."

"Hongera."

"Ahsante. Sasa, kuna ile... ile karavani ya mama yako." Akashusha sauti kana kwamba anataja ugonjwa wa aibu. "Mnunuzi akisimama jikoni kwangu, dirishani anaona nini? Anaona karavani na chupi za bibi kizee zinapepea."

"Chupi zangu nimezifua mwenyewe," sauti ikasema nyuma yangu. "Hiyo pai umeinunua."

Alikuwa mama, kavaa aproni, kaja kuchukua maji.

Paige akacheka vile watu wanavyomchekea mtoto wa mgeni. "Mama Bernadine! Nilikuwa nakutafuta wewe. Jumapili moja tu. Karavani isogee, jioni irudi. Na halafu, nakuomba, zile kolachi zako."

Kolachi ni vijikate vitamu vyenye jamu ya plamu katikati. Watu wetu walikuja navyo Nebraska kutoka Bohemia, huko Ulaya, na mama akivioka, hata anayepita barabarani hupunguza mwendo.

"Kolachi za nini?" mama akauliza.

"Uzioke jikoni kwangu, asubuhi ile ile. Dalali anasema nyumba ikinukia vitu vya kuokwa, watu wanajiona wameshahamia."

Mama akafuta mikono kwenye aproni.

"Yaani mimi nisionekane, ila harufu yangu ibaki."

"Umenielewa vizuri sana!" akasema Paige, na hakuwa anatania.

Mwanamke huyu alilalamika rasmi juu ya harufu hiyo hiyo. Nilifungua mdomo nimwambie akaoke meno yake, lakini mume wangu akanitangulia.

"Tutaisogeza," akasema Curt kutoka sebuleni. "Jirani ni jirani, Janelle."

Mumjue huyu Curt Lindgren. Ndiye mtu pekee wa upande wetu aliyeko kwenye kamati ya mtaa. Aliniambia kaingia humo ili amlinde mama. Ni mwanamume mpole, haongei sana, na taa ikiungua ndani ya nyumba tutakaa gizani mpaka mimi nipande ngazi.

Sasa huyo Curt, Jumamosi nzima alikuwa uvunguni mwa karavani. Anashusha jeki, anajaza upepo matairi, anapiga mluzi.

Mama alisimama pembeni kajishika kiuno.

"Mkwe, tangu lini ukawa na haraka na kazi?"

"Nataka iende salama, mama."

"Inaenda wapi?"

"Maegesho ya kanisa. Nimeshaongea na mchungaji. Jioni tunairudisha."

"Tunairudisha?"

"Tunairudisha, mama. Mbona una wasiwasi?"

"Sina wasiwasi. Nataka kukusikia unasema."

Akasema. Mara mbili.

Jumapili asubuhi karavani ikaondoka. Pale ilipokuwa pakabaki mstatili wa nyasi njano, na mama akapatazama kama mtu aliyeng'olewa jino.

Tukaenda kwa Paige, mama na mimi, na unga wetu na siagi yetu. Mama akafungua oveni ili aiwashe, akaingiza mkono, akatoa mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitabu cha maelekezo, hakijafunguliwa.

"Binti," mama akamwita Paige, "oveni hii imekuja lini?"

"Ilikuja na nyumba."

"Na hujawahi kuiwasha?"

"Tunaagiza," akasema Paige, akiwa anapanga ndimu za plastiki kwenye bakuli.

Wasomaji wangu, jiko lile lina ukubwa wa karavani mbili. Mama hupikia kwenye jiko la moto mmoja, akikunja meza ili apate pa kusimama. Wakati wa baridi bomba lake huganda, nami humpelekea maji kwa ndoo. Na hapa kuna oveni imekaa miaka na nailoni yake, inasubiri siku ya kuuzwa. Nilichukia hata zile ndimu.

Kolachi zikaiva. Nyumba nzima ikanukia utoto wangu.

"Waoo!" akasema Paige. "Sasa mtoke kwa mlango wa nyuma, eti? Wageni wanaanza kufika."

"Sinia langu," mama akasema.

"Nitakuletea. Linapendeza hapo, linaonekana la kikale. Mtoke tu."

Sinia lile la bati la bluu lilikuwa la bibi yangu. Mama akalitazama, akavua aproni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimfuata nikidhani anaenda kulia.

Alienda chumbani kwangu kubadilisha nguo. Akatoka na gauni lake jeusi la mazikoni, linalokaa kabatini mwangu, na hereni za lulu.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kutazama nyumba. Kibao cha barabarani kimeandikwa karibuni wote. Mimi si wote?"

"Paige atapiga kelele."

"Mbele ya wanunuzi? Hathubutu. Vaa viatu."

Tukaingia kwa mlango wa mbele, mama mbele na mkoba wake. Paige alituona kutoka kwenye ngazi. Uso ukamshuka, lakini tabasamu halikubanduka, kalibandika kwa gundi. Dalali wake, kijana anayeitwa Trent, suti nzuri na miguu haina soksi, akatukimbilia.

"Karibu sana, mama. Unatafuta nyumba ya ukubwa gani?"

"Ya kulala mtu mmoja."

Trent akacheka kwa heshima. "Unapenda utani! Njoo nikuonyeshe chumba ambacho wateja wote wanakipenda."

Akatupeleka nyuma ya jiko. Chumba cha vigae vyeupe, beseni la marumaru lililoinuliwa, bomba la fedha linalopinda shingo, taulo zimekunjwa.

"Ni cha kufulia?" mama akauliza.

"Ni cha mbwa. Cha kuwaogeshea. Maji ya moto na baridi, na sakafu inapashwa joto chini ili wasisikie baridi miguuni."

Mama akafungua bomba. Akaweka mkono chini yake. Maji yakatoka moto papo hapo, mvuke ukapanda, na yeye akauacha mkono pale.

"Janelle," akaniambia bila kunitazama, "mbwa wana maji ya moto."

Nilikumbuka zile ndoo zangu za wakati wa baridi.

Hapo ndipo nilipowasikia vijana wawili, mke na mume, wanaongea na Trent mlangoni. Mke alikuwa anatafuna kolachi.

"Nyumba tumeipenda," akasema mume. "Lakini kwenye picha zilizopigwa kutoka juu tuliona karavani kwa jirani. Tena inaonekana mtu anaishi humo."

"Hiyo imekwisha," akasema Trent. "Imeondoka leo asubuhi."

"Si itarudi?"

"Haiwezi. Ilikuwa inavumiliwa kwa sababu ilikuwapo kabla ya kanuni. Kamati imeongeza kifungu: ikitoka uwanjani hata kwa siku moja, haki yake imekufa. Haitarudi tena. Hata mwenyekiti wa kamati yuko hapo nje, muulizeni."

"Afadhali," akasema mke, akilamba jamu kidoleni. "Hivi vitamu jamani, nani kaoka?"

Mama akafunga bomba taratibu. Akafuta mkono kwa taulo la mbwa. Akalikunja tena lilivyokuwa.

"Tuondoke," akasema.

Nilifika nyumbani mbio. Curt alikuwa kwenye kochi, anatazama mpira bila sauti.

"Lete funguo za pikapu! Wametudanganya! Karavani isiporudi sasa hivi hairudi tena!"

"Janelle, tulia. Tusubiri jioni."

"Tusubiri nini? Nimekwambia wametudanganya!"

"Wageni wa watu bado wapo. Usilete fujo mtaani."

Hakuinuka. Nikaona funguo zinachungulia mfukoni mwa suruali yake, nikazichomoa. Nimekulia shamba, wapenzi, trela nimefunga kabla sijajua kusoma. Nikaenda kanisani, nikaifunga karavani kwenye ndoano ya pikapu, nikairudisha Larkmoor nikiendesha kama nabeba mayai.

Nafika, njia ya kuingilia kwetu imezibwa. Gari jeupe limekaa katikati, na aliyeliegemea ni Randall Osgood, mwenyekiti wa kamati, kavaa kaptura na miwani ya jua.

"Sogeza gari," nikamwambia.

"Siwezi, Bi Kubicek. Karavani haziruhusiwi."

"Hii ilikuwapo!"

"Ilikuwapo. Ikaondoka kwa hiari. Kanuni mpya inasema ikiondoka, basi."

"Kwa hiari? Paige kaniomba! Kaja na pai!"

"Pai si jambo la kamati," akasema Randall. "Na hapo barabarani napo hairuhusiwi kusimama. Nimeshaita gari la kuvuta."

"Umeliita saa ngapi? Mimi ndiyo nafika sasa hivi!"

Akavuta midomo. Alikuwa ameliita kabla. Walijua nitakuja, wakajipanga kama watu wanaotegea panya.

Paige akaja anatembea haraka kwenye nyasi, viatu virefu vinazama. Mama akatoka kwa mlango wetu. Na Curt naye, hatimaye, akatoka, akasimama karibu na sanduku la barua.

"Shoga, tafadhali, wateja wanaona!" akasema Paige.

"Usiniite shoga! Kanuni hii mmeipitisha lini?"

"Mwezi uliopita," akajibu Randall. "Kihalali kabisa. Wajumbe wote waliinua mikono."

"Wote?"

"Wote."

Nilisikia hilo neno na bado sikulielewa. Akili yangu ililizunguka kama mtu anayekwepa mavi barabarani. Paige ndiye aliyeniwekea wazi, tena kwa huruma.

"Jamani," akasema. "Kwani mumeo hakukwambia?"

Nikamgeukia Curt. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Curt?"

Akafungua sanduku la barua, akalifunga.

"Curt, uliinua mkono?"

"Nyumba yetu nayo inapanda bei, Janelle," akasema polepole. "Karavani ikiwa haipo. Randall alinieleza. Tungeuza, tukaenda mahali pazuri. Nilikuwa nifikirie mpango wa mama baadaye."

"Baadaye lini? Mama analala wapi leo?"

"Kuna kochi."

"Wewe ulisema jioni tunairudisha. Ulisema mbele yake. Mara mbili!"

"Ningesema nini? Ungekataa."

Mwanamume huyu amekula kolachi za mama tangu tuoane. Alipovunjika mguu, mama ndiye aliyemshika kwenda chooni. Nilimtazama shingo, masikio, yale mashavu yaliyonyolewa vizuri kwa ajili ya Jumapili, na kila kitu chake kikanitia kinyaa. Nilijihisi mchafu kwa kuwa nguo zetu zinafuliwa pamoja.

Mama hakupiga kelele. Alimwendea Paige.

"Sinia langu."

"Mama Bernadine, sasa hivi kweli? Bado lina..."

"Sinia langu, binti."

Paige akamtazama Randall, Randall akatazama pembeni. Paige akaenda, akarudi nalo, kolachi chache bado zimo. Mama akazimwaga zote kwenye nyasi za Paige, zile nyasi zinazopimwa urefu, akalifuta sinia kwa mkono wa gauni lake la mazikoni.

"Hizo wape mbwa," akasema. "Wao wameshaoga."

Wale vijana wawili wanunuzi walikuwa wamesimama barazani. Paige akawakimbilia, anacheka, anapunga mikono, anaeleza sijui nini. Wakati huo huo gari la kuvuta likakata kona, taa za njano zinazunguka, na Randall akaenda kumwelekeza dereva.

Mama akanishika kiwiko, akanivuta tukazunguka upande wa pili wa karavani, upande wenye mlango, usioonekana kutoka barabarani. Ila pale kwenye sanduku la barua Curt alikuwa anatuona vizuri.

"Dawa zangu zimo humu," akasema mama. "Na vyombo vyangu, na picha za baba yako. Mimi naingia."

"Mama, wanakuja kuivuta."

"Nasikia."

Akapanda. Nami nikapanda nyuma yake. Kabla sijafunga mlango nilimtazama Curt, naye akanitazama, jicho kwa jicho. Mama akasukuma komeo.

Ndani kulikuwa na joto na kunanukia siagi. Mama akakaa kitandani na sinia lake mapajani. Nje tukasikia mlango wa lori unafunguliwa, na sauti ya kijana anayetafuna bazoka.

"Mzigo ndio huu? Huyu mwenye pikapu yuko wapi?"

"Usijali pikapu," akasema Randall. "Ifungue karavani kwenye pikapu, ifunge kwako, uondoke. Mimi nakwenda kumtuliza mama Vandersloot."

Viatu vyake vikapotea kwenye nyasi. Karavani ikatikisika, ndoano yetu inafunguliwa. Kisha chuma kingine kikagonga.

Nikainuka nigonge dirisha, nipige kelele. Mama akanikamata mkono, akaweka kidole mdomoni.

"Kaa," akanong'ona. "Nyamaza kidogo. Kuna kitu nataka tukisikie wote wawili."

"Kitu gani?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa sanduku la barua.

Yule kijana alikuwa anamaliza kazi. Tulimsikia anapangusa mikono, anazunguka, anasimama karibu sana na ukuta wetu wa bati.

"Samahani, mzee," akasema. "Hawaruhusu kuvuta karavani yenye watu. Humu ndani hamna mtu?"

Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama mlango, midomo kaikaza, kama mtu anayemwombea mtu mwingine.

Kisha nikaisikia sauti ninayolala nayo.

"Hamna mtu," akasema mume wangu.

Mlango wa lori ukafungwa. Mama akanishika mkono, mkono ule ule wa maji ya moto, na sakafu ikaanza kutembea chini yetu.